Majibu Niliyoyatoa kwa Niaba ya Marehemu

1

Napenda ijulikane tangu mwanzo kwamba sikukusudia kumdhuru mtu yeyote, aliye hai wala aliyekufa. Nilikusudia kucheka. Katika Shule ya Wasichana ya Kwamtondoo, ambako uji una wadudu na kengele ya alfajiri inapigwa na mtu mwenye chuki binafsi, kucheka ni huduma ya kwanza.

Jumamosi ile nilikuwa sebuleni kwa Bibi Minowa, nikitumikia adhabu. Kwetu, mwanafunzi aliyechelewa paredi alipelekwa kwake kumsomea kurasa kumi kwa sauti. Nyumba yake ilikuwa bondeni, nyuma ya bustani ya kabichi ya shule, na adhabu hiyo ilikuwa makubaliano kati yake na Mkuu wa Shule. Bibi Minowa alikuwa Mjapani wa miaka sabini na miwili. Alikuwa ameishi Lushoto miaka thelathini na mmoja, na kazi yake ilikuwa kuzihamisha riwaya za Kiswahili kuzipeleka katika Kijapani. Hakuigusa sentensi kabla hajaisikia ikisomwa na mtu wa kweli. Alikaa na penseli, akikutazama usoni. Ukicheka, anaweka alama. Ukipiga miayo, anaweka alama kubwa zaidi.

Nilikuwa nimechelewa paredi mara kumi na saba muhula huo. Mwalimu wa nidhamu aliamini kwamba nina ugonjwa wa usingizi na aliniombea. Ukweli ni kwamba kwa Bibi kulikuwa na moto, chai ya tangawizi, na plamu zilizokaushwa kwa chumvi, ambazo mara ya kwanza unazila kwa adabu na mara ya pili kwa uchu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Tunukiwa. Umechelewa tena?"

"Kwa masikitiko makubwa."

"Masikitiko yako yananenepa kila wiki. Kaa."

Mezani, kando ya birika, kilikaa kisanduku cheusi kinacholingana na kipande cha sabuni ya kufulia. Ndani yake alikuwamo Gaudensi Ndunguru, mwandishi kutoka Mbinga, aliyefariki miaka sita nyuma. Si yeye mwenyewe, bali kivuli chake: barua zake, miswada yake, mahojiano, hata orodha zake za kwenda sokoni, vyote vimefumwa pamoja hadi vikaweza kujibu swali kama ambavyo yeye angejibu. Miaka hiyo mashine zilikuwa zinatafsiri kila kitu, kuanzia maelekezo ya dawa hadi ugomvi wa majirani wa mataifa mawili. Riwaya peke yake ndiyo iliyoachiwa binadamu, kwa sababu wasomaji walitaka kujua ni nani wa kumlaumu. Na mfasiri wa mwandishi marehemu alikopeshwa kivuli na familia, akapewa maswali mia moja. Hayazidi hata moja.

Niliwahi kumuuliza Bibi kwa nini mia moja. Alisema kivuli kikiulizwa sana na mtu mmoja juu ya kitabu kimoja huanza kulewa. Kinajifunza unachotamani kusikia, kisha kinakupa hicho, kwa sauti ya marehemu, na hutajua ni wakati gani marehemu alipoondoka chumbani.

Siku hiyo alifunga daftari lake na kulipiga kofi dogo.

"Yamekwisha. Maswali mia moja. Jumatatu nakirudisha kisanduku kwa akina Ndunguru, na kitabu kinakwenda Tokyo."

Nilikitazama kisanduku. Pembeni kulikuwa na tarakimu ndogo ya kijani. Ilisema tatu.

"Bibi, mbona hapa inaonyesha yamebaki matatu?"

"Mashine imekosea," alisema, akinimiminia chai. "Mimi nahesabu kwa penseli. Nimekwisha kuwaandikia kwamba kina hitilafu. Hata hivyo wataona wenyewe wakilinganisha."

"Wakilinganisha nini?"

"Daftari langu na kumbukumbu ya kisanduku. Swali kwa swali, jibu kwa jibu. Kuna mfasiri mmoja alibuni majibu saba akayabandika kwa marehemu. Walimfutia jina. Haruhusiwi kukaa na kivuli chochote mpaka afe." Aliniwekea plamu mbili kwenye kisahani. "Ni sawa. Neno la mtu aliyekufa ni amana. Hawezi kurudi kusema, mimi sikusema hivyo."

Nilikula plamu moja. Ya pili niliiacha.

2

Sasa nieleze yale majibu matatu.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa Klabu ya Sayansi, cheo nilichokipata kwa kura ya wanachama wote wawili. Mwanachama wa pili alikuwa rafiki yangu Kalunde. Klabu ndiyo iliyoutunza mnara wa mawasiliano ulioko kilimani juu ya bwalo, na kwa kuwa nyumba ya Bibi ilikuwa bondeni, kila swali alilokiuliza kisanduku lilipitia kwenye mnara wetu kwenda ghala la familia huko Mbinga, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Majibu yalikuja kwa maandishi tu kwenye kioo. Familia ilikataa kutoa sauti. Walisema, maneno ya baba tunawakopesha, sauti yake ni yetu.

Unaona mwenyewe jinsi shetani alivyokuwa amerahisishiwa kazi.

Riwaya yenyewe ilikuwa fupi. Mzee mmoja hutoa kiti barazani kila asubuhi kwa ajili ya mgeni asiyemjua, na kila jioni mgeni hajafika. Ndiyo hiyo tu, kurasa mia moja na arobaini, na mtu analia.

Jumatano moja nikiwa mnarani niliona swali la sabini na moja likipita. Bibi alikuwa anauliza kwa nini mke wa mzee hasemi neno katika sura yote ya pili. Nililizuia lisiende Mbinga, nikaandika mwenyewe: *Alikuwa na jino bovu.* Kalunde alicheka mpaka akashika nguzo.

Swali la themanini na nne lilihusu sentensi moja iliyotaja "harufu ya Jumanne". Nilijibu: *Makande yaliyoungua.* Hapo nilikuwa naandika kutoka moyoni.

La tisini na tisa lilikuwa juu ya sentensi ya mwisho ya kitabu: *Akakirudisha kiti ndani.* Bibi aliuliza: je, mzee alikuwa amekata tamaa, au mgeni alikuwa amekwisha kuja? Nikakunja uso kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, nikaandika: *Mgeni wa mwisho ni yule asiyehitaji kiti.*

Haina maana yoyote. Ijaribuni.

Lakini Jumamosi iliyofuata nilimkuta Bibi amesimama dirishani, miwani mkononi. Aliniambia kwamba sentensi hiyo ya mwisho ilimkalia kooni miaka minne, na kwamba sasa marehemu mwenyewe ameitoa. Alikuwa ameuandika upya ukurasa wote wa mwisho. Sura ya pili nayo alikwisha kuirekebisha: katika Kijapani, yule mke sasa alikuwa anashika shavu.

Nilipaswa kusema wakati ule. Nilikula plamu nne na kuaga.

3

"Dakika tano," alisema Kalunde. Jumapili mchana, shule nzima ikiwa inafua, sisi tulikuwa chini ya mnara. "Unaingia kwenye kumbukumbu, unayatia majibu yako matatu mahali pake, hesabu inakuwa sifuri. Daftari la Bibi na kisanduku vinafanana kama mapacha. Hakuna anayeumia."

"Na akina Ndunguru?"

"Akina Ndunguru wana nini? Baba yao kaongezewa hekima bure."

Kalunde angekuwa wakili mzuri sana wa watu wenye hatia. Nami nilitaka kukubali. Fikirini wenyewe: mbele yenu kuna mlango mmoja wa kumuumiza mtu mnayempenda kwa ukweli, na mwingine wa kumwacha na furaha yake, wala hatajua. Huo wa pili ulikuwa wazi na una zulia.

Nikaingia. Kumbukumbu ya kivuli ikafunguka mbele yangu, mstari kwa mstari, na sikujua kwamba humo hamkuwa na maswali ya Bibi peke yake. Familia nayo ilikuwa inaongea nacho. Mtu aitwaye Oda alikuwa ameandika wiki hiyohiyo: *Babu, nimefaulu hesabu.* Kivuli kikamjibu: *Ngapi juu ya ngapi?* Akaandika: *Sitini na moja juu ya mia.* Kikajibu: *Hiyo ni kunusurika, si kufaulu. Hongera lakini.*

Juu yake kulikuwa na mwingine, Makrina, ambaye kwa miaka sita, kila Jumapili baada ya misa, aliandika maneno yaleyale: *Baba, umekula?* Na kivuli kila Jumapili kilijibu tofauti. Ugali wa jana. Kidogo. Mama yako kaunguza. Nimekula, na wewe?

"Andika basi," Kalunde alisema. "Matroni anapanda."

Vidole vyangu vilikuwa juu ya herufi. Nilikuwa karibu kulitia jino langu bovu katikati ya watu wale, pale juu ya *Baba, umekula?*, likae humo milele, na siku moja huyo Oda angelisoma na kusema, babu alikuwa na mambo.

Nikafunga.

"Nini sasa?" Kalunde aliniuliza.

"Nakwenda kwa Bibi."

"Kumwambia?" Alinitazama kama mtu anayetazama jeneza. "Tunu, utafukuzwa. Na hutakula tena zile plamu."

Hoja ya pili ndiyo iliyonirudisha hatua moja nyuma.

4

Bibi Minowa alikuwa anakifunga kisanduku kwenye kitambaa cha bluu, pembe nne, fundo moja, kama wanavyofunga zawadi kwao. Nikasimama mlangoni. Nikasahau hata kuamkia.

"Bibi, mashine haikukosea."

Nikamwambia yote. Sikuongeza chumvi wala kupunguza, na kwa mara ya kwanza maishani niliona hadithi nzuri ya utani ikisimuliwa bila mtu kucheka. Nilipofika kwenye mgeni asiyehitaji kiti, mkono wake uliokuwa juu ya fundo uliacha kutembea.

"Asante kwa kunieleza," alisema. "Samahani, nimekuacha umesimama. Karibu ukae. Pole kwa kutembea juani."

Wasichana wa Kwamtondoo walijua jambo moja juu ya Bibi Minowa: akikasirika kidogo hufoka, akikasirika sana huwa na adabu. Sijawahi kukaribishwa vizuri namna ile. Nilikaa ukingoni mwa kiti kama mchumba.

"Naomba unisaidie kuelewa," aliendelea kwa upole uleule wa kuua. "Jino, ni wewe?"

"Ndiyo, Bibi."

"Makande?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na lile la mwisho."

"Ndiyo."

Nje, mbuzi wa mpishi alikuwa anakula kitu kisicho chake. Nikasubiri anifukuze. Badala yake alivuta kiti, akakaa mbele yangu, na adabu ikamtoka usoni kama barakoa. Akabaki mwanamke mzee aliyechoka.

"Unajua kinachoniuma? Si wewe. Wewe una miaka kumi na sita, akili yako bado ina maziwa. Mimi nimemsoma Ndunguru miaka ishirini. Hakuwahi hata siku moja kusema kwa mafumbo ya namna ile. Mtu wa Mbinga, amelima kahawa, anaandika kama anayepanga matofali. Jibu lile nilipoliona, kitu kilinigonga hapa." Aligusa kifua. "Nikakinyamazisha. Kwa sababu nililipenda."

"Ni kosa langu, Bibi."

"Lako ni utundu. Langu ni kosa la kazi."

Aliinuka, akalifungua fundo. Tarakimu ya kijani ilikuwa inawaka: tatu. Akaniwekea kisanduku magotini.

"Uliyaiba wewe. Yaulize wewe."

Nikaandika la kwanza. Kwa nini mke wa mzee haongei katika sura ya pili? Ujumbe ukapita mnara wetu usio na mtu, ukaenda Mbinga, ukarudi.

*Nani kasema haongei? Anaongea jikoni tangu asubuhi. Mzee ndiye hasikilizi.*

Bibi alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa kidole. Alivuta mswada, akatafuta sura ya pili, akaisoma upya kwa macho yanayokimbia. "Vyombo," alinong'ona. "Kila ukurasa kuna kelele za vyombo. Kila ukurasa! Na mimi nikampa jino."

La pili. Harufu ya Jumanne ni ipi?

*Siku ya mnada. Mbuzi.*

Hapo alicheka. Alicheka vibaya, akishika meza, machozi yakimtoka, na mimi nikaogopa kucheka nikaogopa pia kutocheka, nikabaki nimetoa meno kama samaki mkavu.

"Mbuzi! Tunukiwa, nimewapa Wajapani makande!"

Kisha akapangusa macho, kwa sababu lilibaki swali moja. Niliandika swali lake kama alivyokuwa ameliandika yeye: je, mzee alikuwa amekata tamaa, au mgeni alikuwa amekwisha kuja? Kidole changu kikasimama juu ya alama ya kutuma.

"Ngoja," alisema Bibi.

Nikangoja.

"Nikilisikia jibu lake, lile lako linakufa. Ule ukurasa wa mwisho ni ukurasa mzuri kuliko zote nilizowahi kuandika." Alitazama karatasi zake, si mimi. "Ningeweza kusema maswali yamekwisha. Ningeweza kuwaandikia akina Ndunguru ukweli wa yale mawili tu."

Kidole changu kilibaki palepale.

"Tuma," alisema.

Jibu lilichukua muda. Mawingu yalikuwa yameshuka Usambara, na mnara wetu hauyapendi mawingu. Halafu maneno yakatokea, machache.

*Mvua ilikuwa inakuja.*

Tarakimu ya kijani ikawa sifuri, kisha ikazimika. Bibi alisoma maneno yale matatu mara moja, akasoma tena, akaondoka akasimama katikati ya chumba kana kwamba amesahau nyumba ni ya nani.

"Mvua," alisema.

"Pole, Bibi."

"Pole ya nini, mtoto? Mtu anayeogopa kiti kulowa bado anakitaka kwa mgeni wa kesho." Akaketi, akauchukua ule ukurasa mzuri kuliko zote, akaukunja mara mbili na kuuweka chini ya birika, mahali ambapo huwekwa karatasi za kuzuia maji ya moto. Akachonga penseli.

5

Kwao Japani, mfasiri huandika maneno yake mwishoni mwa kitabu, kurasa chache za kueleza alikotoka na kazi na nani wa kushukuriwa. Ni desturi, na wasomaji wengine huanza na hizo kurasa. Bibi aliandika humo yote: mnara, jino, makande, na kwamba kwa siku nyingi aliongea na msichana wa kidato cha tatu akidhani anaongea na marehemu, na kwamba alipaswa kujua. Nakala moja ikaenda Tokyo. Nakala ya pili ikaenda kwa Makrina Ndunguru, pamoja na sura ya pili iliyoandikwa upya. Ya tatu, kwa kuwa mnara ni mali ya shule, ikaenda kwa Mkuu wa Shule, Madamu Shekighenda, ambaye aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena.

Sikufukuzwa. Kisheria ilionekana hakuna kanuni ya shule inayokataza kujifanya maiti. Nilivuliwa uenyekiti wa Klabu ya Sayansi, Kalunde akanirithi bila aibu, na nikapewa kisiki.

Kwa wasiosoma bweni, nieleze. Kisiki ni adhabu ya juu. Hiki kilikuwa cha mkaratusi, nyuma ya bwalo, kipana kama meza ya walimu, na mizizi yake ilikuwa imeshuka kwenda kusalimia upande wa pili wa dunia. Nilipewa sururu, jembe, na wiki mbili.

Siku ya tatu, saa kumi jioni, viganja vyangu vikiwa vimechanika, nilimwona Bibi Minowa akipanda kutoka bondeni. Alivaa buti za mpira na kofia ya majani, na alikuwa na jembe begani. Nikatupa sururu, nikamwamkia.

"Marahaba. Sogea huko."

"Bibi, hii ni adhabu yangu."

"Nimeongea na Madamu. Nimemwambia waliokosa ni wawili." Alikizunguka kisiki kama fundi anayetazama gari bovu. "Alikataa. Nikamwambia basi nitakaa ofisini kwake mpaka akubali. Ana wageni kutoka wizarani kesho."

Akaanza kuchimba. Alichimba vizuri kuliko mimi, pigo fupi, hachoki. Tukaenda hivyo kwa muda, udongo ukiruka, wasichana wakichungulia madirishani mwa bwalo.

"Tokyo wamejibu," alisema bila kuinua kichwa.

Nikaacha.

"Chimba. Kitabu kinatoka mwezi wa nne. Jina langu haliwekwi. Wameandika kwamba kimetafsiriwa na ofisi ya mchapishaji. Na sitapewa kivuli kingine."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Nikahisi kitu kikivunjika, na haikuwa mizizi. Niliomba radhi kwa maneno ambayo sikumbuki, mengi, na pua inavuja. Nilimwambia nitawaandikia Wajapani. Nitakwenda huko kwa miguu. Nitasema ni mimi.

"Wanajua ni wewe, nimeandika. Wanauliza hata wewe ni mtu gani." Aliegemea jembe, akapumua. "Sikiliza. Nina waandishi wangu wengine, walio hai. Hao nitawauliza uso kwa uso, na wakinidanganya ni haki yao. Kuhusu jina, Makrina aliniandikia jana. Ameisoma ile sura ya pili kwa mashine, kutoka Kijapani changu kurudi Kiswahili. Anasema alimsikia mama yake jikoni."

Alipangusa jasho kwa mkono wa shati, akaacha mstari wa udongo kwenye paji la uso.

"Kwa hiyo hujanikasirikia, Bibi?"

"Nimekukasirikia sana, mpumbavu mkubwa we! Huoni ninavyofoka?"

Sijawahi kutukanwa kwa utamu kama ule. Nikashika sururu, yeye akashika jembe, tukakishambulia kisiki kila mtu kwa upande wake, yeye akiniambia napiga kama mtu anayefukuza nzi, mimi nikimwambia mgongo wake utamshitaki kesho. Tuliendelea hadi kengele ya chakula. Mzizi mmoja ulikatika. Ilibaki, kwa hesabu yake, ishirini na mitatu, na akasema kesho atakuja mapema.